Fremu ya Baiskeli ya Kaboni ya Mtumba: Ikague Kabla ya Kulipa

Tanga ni mji wa baiskeli, na mafundi wa Ngamiani wanaijua fremu ya chuma vilivyo: ikipasuka inachomelewa, safari inaendelea. Kaboni haichomelewi. Ni nyuzi zilizogandishwa kwa gundi ngumu, na ufa wake hufichika kirahisi chini ya puti na rangi mpya.

Anza na siti. Muuzaji alegeze boliti, aipandishe na kuishusha mbele yako. Bomba la siti, lile linaloingia ndani ya fremu, mara nyingi ni la alumini, na alumini ikigusana na kaboni penye unyevu wa chumvi huliwa, ikatoa unga mweupe na kuvimba hadi ikang'ang'ania ndani. Kwa hewa ya pwani yetu hilo si jambo la ajabu. Kuling'oa kwa nguvu ndiko kunakopasua fremu. Ukiambiwa "urefu huo unakutosha, usiiguse", achana nayo.

Kisha ioshe fremu, ikauke, uimulike kwa tochi iliyolazwa ubavuni. Kazia macho chini ya bomba kubwa linaloshuka toka usukani, kuzunguka ekseli ya pedeli, na upande wa kulia nyuma ya pedeli, mahali cheni ikichomoka hukata. Pitisha ukucha: mchubuko wa rangi haukwamishi ukucha, ila ukucha ukinasa na nyuzi nyeusi zikionekana, hiyo imeumia. Stika mpya iliyobandikwa peke yake, omba ibanduliwe.

Gonga kwa sarafu, ukilinganisha kulia na kushoto mahali pale pale. Sauti kubadilika polepole karibu na maungio ni kawaida, maana unene hutofautiana. Ikifa ghafla sehemu moja, huenda tabaka zimeachana ndani.

Foku, uma unaoshika gurudumu la mbele, ivuliwe kabisa. Shina lake, bomba la juu linalopanda hadi usukani, likiwa la kaboni, kagua linapobanwa na shingo ya usukani. Likikatika ukiwa mwendoni, huna pa kushika.

Mchubuko unapunguza bei. Ufa haujadiliwi.

Ukishanunua, usipake grisi ya kawaida kwenye bomba la siti la kaboni; litateleza, nawe utazidi kukaza. Tumia krimu ya kaboni yenye chembechembe, kaza kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza hadi kipimo kilichochapwa kwenye kibanio, mara nyingi Nm (nyutonimita) 5. Namba ya fremu, kwa kawaida iko chini ya fremu, penye ekseli ya pedeli, iandikwe kwenye risiti.