Usiachie mzigo kabla hujaangalia salio
Wenzangu tunaouza viazi hapa Uyole Mbeya, mteja akisema ameshatuma hela usiamini meseji, piga *150*00# kama uko M-Pesa uangalie salio mwenyewe, hata kama fuso inaunguruma na dereva anakwambia mama tunachelewa, haraka ndo mtego wenyewe. Meseji mtu yeyote anaandika, juzi nimeletewa moja ina mpaka namba ya muamala na salio jipya kabisa ila imetoka namba ya kawaida tu ya 07, kuangalia salio halijasogea hata shilingi. Salio unaloliangalia mwenyewe linatoka kwenye mtandao, tapeli hawezi kuliandika. Mtandao ukikata hii haisaidii, magunia yabaki chini mpaka urudi. Na hela ikiingia kweli toa mapema kwa wakala, kuna wanaopiga huduma kwa wateja wakidai wamekosea namba ili warudishiwe hela.