Jinsi ya kupata cheti cha mwinuko wa nyumba iliyo kwenye kanda ya mafuriko Marekani

Kama nyumba yako iko Marekani, kwenye kanda inayoanza na herufi A au V katika ramani ya mafuriko ya FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa, cheti cha mwinuko ndicho kinachoeleza jengo lako limekaa wapi ukilinganisha na BFE. BFE ni kimo ambacho maji ya mafuriko yana uwezekano wa asilimia 1 wa kukifikia au kukipita katika mwaka wowote.

Usikimbilie kumlipa mpima ardhi. Nenda kwanza kwa msimamizi wa maeneo ya mafuriko wa mji au kaunti yako, ambaye mara nyingi hukaa idara ya ujenzi au ya mipango, umwulize kama faili la nyumba yako lina cheti. Muulize pia aliyekuuzia nyumba. Cheti hakiharibiki kwa uzee. Kinachokiharibu ni ujenzi: sakafu iliyoongezwa, matundu ya ukutani ya kupitishia maji ya mafuriko yaliyozibwa, kiyoyozi kilichohamishwa. Ramani ikibadilika, mwinuko wa sakafu yako unabaki ule ule. BFE na kanda ndivyo vinavyohitaji kuangaliwa upya.

Jua pia unakihitaji kwa kazi gani. Tangu mfumo mpya wa bei uanze tarehe 1 Oktoba 2021, bima ya mafuriko ya serikali inapatikana hata bila cheti. Unakiwasilisha kwa hiari, na kampuni ya bima hukitumia kikikupunguzia malipo. Kwa jengo jipya au ukarabati mkubwa, anayekidai kwa kawaida ni ofisi ya vibali.

Kama hakuna cha zamani, ingia msc.fema.gov, andika anwani yako, kisha nakili namba ya ramani, tarehe yake, kanda na BFE. Kanda ya AO (ya mafuriko ya kina kifupi), na ile ya A isiyo na BFE, zina sehemu yake kwenye fomu ya cheti, Sehemu E, ambayo mwenye nyumba anaruhusiwa kuijaza kwa kupima kutoka usawa wa ardhi. Kwa kanda nyingine zenye BFE, tafuta mpima ardhi, mhandisi au msanifu majengo mwenye leseni ya jimbo lako. Kabla ya kukubaliana bei, hakikisha inajumuisha fomu ya sasa ya FEMA, picha, na marekebisho endapo kutakuwa na kosa.

Siku ya kupima, fungua mageti na kifuniko cha kuingilia chini ya sakafu, ondoa vitu vilivyofunika matundu ya mafuriko, na umwonyeshe mpimaji mashine zote: hita ya maji, tanuru, kiyoyozi cha nje. Kama matundu yako ni ya kiwandani yaliyothibitishwa kitaalamu, mpe karatasi zake. Asipoziona, atahesabu tu ukubwa halisi wa nafasi wazi ya kila tundu.

Fomu ikirudi, isome mwenyewe mstari kwa mstari. Hapa ndipo pesa hupotelea.

Anza na marejeo ya vimo, yaani usawa wa sifuri ambao vimo vyote hupimwa kutoka hapo; NAVD 88 na NGVD 29 ni mifumo miwili tofauti ya usawa huo. Ramani ikitumia NAVD 88 huku vipimo vikiwa vya NGVD 29, namba zote zinapotoka, na katika baadhi ya maeneo tofauti hufika futi kadhaa. Kisha angalia namba ya mchoro wa jengo, inayoonyesha nyumba yako ni ya aina gani. Nyumba yenye uwazi chini ya sakafu ikiandikwa kama nyumba iliyokaa juu ya zege, kila kinachofuata kinasomwa vibaya. Halafu soma mistari ya vimo kwenye fomu. C2.a ni sakafu ya chini kabisa, hata kama ni udongo wa ule uwazi. Wengi huandika sakafu wanayoishi, ambayo ni ya C2.b. C2.e ni mashine iliyo chini kuliko zote. C2.f ni ardhi ya chini kabisa inayogusa jengo.

Matundu yanataka hesabu. Kanuni ni inchi 1 ya mraba ya uwazi halisi kwa kila futi 1 ya mraba ya eneo la chini ya nyumba lililozungushiwa ukuta. Eneo la futi za mraba 1,200 na matundu yenye uwazi wa inchi za mraba 60 kila moja linahitaji matundu 20. Yasipungue mawili, yawe kwenye kuta zaidi ya moja, na ukingo wake wa chini usizidi futi 1 juu ya ardhi. Wavu na vibao hupunguza uwazi, na tundu lisiloweza kupitisha maji lenyewe bila mtu kulifungua halihesabiwi.

Hakikisha pia imeandikwa kuwa ujenzi umekamilika. Cheti kilichotolewa kwa michoro au jengo likiwa bado linajengwa ni cha muda tu. Muhuri na saini visikosekane, na picha zionyeshe angalau mbele na nyuma.

Sasa linganisha C2.f na BFE. Ikiwa sawa au juu yake, na hukujaza kifusi kuinua kiwanja, omba FEMA barua ya marekebisho ya ramani, LOMA, inayoitoa nyumba kwenye kanda ya mafuriko. FEMA haitozi ada, na hujibu ndani ya siku 60 baada ya kupokea taarifa zote. Ikipungua hata sehemu ya kumi ya futi, ombi litakataliwa. Kiwanja kilichoinuliwa kwa kifusi kina ombi tofauti, la LOMR-F, lenye ada. Barua ikitoka, ipeleke benki iliyokukopesha, lakini endelea kulipa bima mpaka wakujibu kwa maandishi, kwa sababu mkopeshaji ana haki ya kuendelea kuidai.