Kutoka matembezi na mtoto mdogo pamoja na paka hapa Dodoma, ninavyofanya mimi

Kama ndani una mtoto wa mwaka na nusu mpaka miaka mitatu halafu una na paka, unaijua ile saa kumi na moja jioni inavyokuwa. Wote wako mlangoni, huyu analilia kiatu huyu ananyaunyau, ukifungua kidogo mmoja anapita katikati ya miguu. Mi wa kwangu ana miaka miwili na miezi, paka wetu anaitwa Karanga, dume, na huu ni mwezi wa nane tunatoka wote watatu. Majirani wananiuliza sana inawezekanaje, basi ngoja nieleze.

Kama huna mda wa kusoma yote kamata hiki tu: ukiwa peke yako, mmoja tu ndo anakanyaga chini. Paka akiwa chini mtoto yuko mgongoni kwenye khanga, mtoto akishuka paka anaingia kwenye kikapu. Mkiwa watu wazima wawili hapo ndo wote wanashuka, kila mtu na wake. Wiki ya kwanza nilijaribu mkono huu mtoto mkono huu kamba, ikapita bodaboda inapiga kelele ya ajabu, paka akanipanda mguuni na kucha zote, mtoto akachomoka anaikimbilia pikipiki. Nikaachia kamba nikamdaka mtoto, Karanga akazama kwenye uzio wa minyaa wa jirani na kamba yake inaburuta, tumekuja kumtoa saa tatu usiku kwa tochi ya simu. Toka siku hiyo sijarudia.

Na kamba ya paka usimfunge mtoto kiunoni wala usimwache aizungushe mkononi. Paka akishtuka anavuta kwa nguvu ambayo huwezi kuamini, na kamba inaweza kumzunguka mtoto shingoni. Akililia kushika, mwache ashike ule mwisho wa kamba wakati wewe umeshikilia mbele yake, kwake yeye inatosha kabisa, anatembea kama ndo anaongoza msafara.

Sasa hiyo kamba. Usifunge shingoni jamani, paka sio mbuzi, akiruka anaweza kujinyonga, na asipojinyonga kichwa kinachomoka. Kinachotakiwa ni kizibao kinachoshika kifua na tumbo, kamba inafungwa juu mgongoni. Madukani sikupata cha kumtosha, nikampelekea fundi viatu kipande cha jinzi na ile ya kunata inayolia krrr kwenye mabegi, akanishonea vizuri tu na pete ya chuma juu. Kipimo chake vidole viwili vipite kati ya nguo na manyoya, visipite vitatu. Halafu kijaribu ndani kwanza, vuta kamba taratibu kwa mbele uone kama anaweza kurudi kinyumenyume akatoka, maana hivyo ndivyo paka wanavyochomoka. Urefu wa kamba mita moja na nusu inatosha.

Usimvalishe leo ukatoka leo. Siku kama tatu kizibao kikae tu pembeni ya sahani yake akinuse, baadae mvalishe dakika tano huku anakula dagaa, mara ya kwanza atajilaza ubavu kama amevunjika mgongo, hajavunjika, anashangaa tu kitu kilichomshika. Ongeza taratibu. Sisi tulikaa wiki mbili ndani, afu wiki nzima uani, ndo tukatoka getini. Dagaa mkavu ndo mshahara wake mpaka leo, nabeba kiganja kimoja mfukoni, na nabeba vya ziada kwa sababu mtoto naye anavitaka. Kama paka wako ni mtu mzima na kila ukimvalisha anajificha chini ya kitanda siku nzima, mwache tu akae ndani, wapo wasioweza.

Kabla ya yote mpeleke kwa bwana mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa paka anachomwa akishafika miezi mitatu halafu anarudia kila atakapoambiwa, na dawa ya minyoo pia. Hapa usilegee, anatembea pamoja na mtoto na mbwa wanaozurura mtaani tunao. Mtoto au wewe mkiumwa na mbwa au paka msiemjua, osheni kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima afu hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri kuona kama kitavimba. Viroboto navyo angalia unaua na nini, dawa ya mbwa yenye permethrin inaua paka, hata kidogo tu, na mtu asikudanganye umpe panadol akichechemea, hiyo nayo ni sumu kwake.

Mda wa kutoka ndo nusu ya kazi. Kwetu ni saa moja asubuhi au saa kumi na moja na nusu jioni. Jua la Dodoma unalijua, ukifika mchana lami na hata udongo mwekundu unachoma. Weka mgongo wa mkono wako chini, ukishindwa kuhesabu mpaka saba basi nyayo za paka zitaungua na mtoto akivua kandambili naye ataungua. Mwezi wa saba na wa nane ule upepo ukianza kunyanyua vumbi nyie rudini, mtoto anaingia mchanga machoni, paka masikio yanalala nyuma hasikii dagaa wala nini.

Njia yetu haizidi mita mia tatu kwenda na inatuchukua nusu saa. Usitegemee mwendo, paka hatembei kama mbwa, anasimama ananusa jiwe, anakaa, anafikiria, anarudi. Na mtoto wa miaka miwili ni hivyo hivyo, ndo maana wanaendana. Kuna siku baba yake alikuwepo wote wakawa chini, wakakuta msafara wa sisimizi umebeba panzi, mtoto kachuchumaa mikono magotini, Karanga kakaa pembeni yake mkia umezunguka miguu, vichwa vyote viwili vinahama pamoja kulia kwenda kushoto kumfuata huyo panzi. Dakika kumi hakuna aliyejigusa. Ukikuta wametulia hivyo usiwaharakishe.

Tunapenda kushuka kwenye korongo wakati wa kiangazi, mchanga laini, hakuna bodaboda. Ila mambo mawili. Masika usishuke kabisa hata kama kwenu mvua haijanyesha, maji yanatoka yanakojua yenyewe na yanakuja ghafla. Na la pili, kwa paka ule mchanga wote ni choo, atachimba na kujisaidia, na hapo hapo mtoto anataka kuchota mchanga apike ugali. Kinyesi cha paka kina minyoo na vijidudu ambavyo sio vya kuchezea na kama una ujauzito mwachie mtu mwingine azoe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku toka 2019 kwa hiyo mi nabeba gazeti na bahasha ya kaki, nazoa, nafukia mbali na mahali tunapochezea. Mtoto anacheza upande ambao paka hajafika.

Uzio wa minyaa, pita nao mbali. Ile maziwa yake ikiingia jichoni ni moto, iwe ya mtoto au ya paka, ikitokea mwagia maji mengi mfululizo na uende hospitali. Marundo ya mawe na matofali pia usimruhusu paka achokonoe, nge wanakaa humo, na akichokonoa paka mtoto naye anaingiza mkono.

Mbwa akitokea usikimbie wala usimbebe paka kifuani, atakupanda mpaka kichwani na uso wa mtoto uko pale mgongoni. Weka kikapu chini mlango umefunguka, wangu anaingia mwenyewe kwa sababu ndo anapolalia nyumbani, funga, simama wima katikati ya mbwa na kikapu, ondoka taratibu. Na ukiona paka anapiga piga mkia, macho yamekuwa meusi yote, mtoto asimguse hata kama walikuwa wanacheza sasa hivi. Paka akiwa na hofu anamkwaruza yeyote aliye karibu.

Watu watakushangaa, watoto wa mtaa watakufuata wanaimba paka kafungwa kamba. Mi huwa nasimama, nawaambia wakae kimya mmoja mmoja aje amguse mgongoni, baada ya siku tatu wamezoea na sasa ndo wananisaidia kufukuza mbwa. Wazee wengine paka hawamtaki karibu, wana mambo yao, hapo napita upande wa pili, nasalimia mbukwenyi, shikamoo, naendelea.

Mkirudi mikono inaoshwa na sabuni kabla ya kitu chochote, wa kwanza mtoto. Halafu kagua miguu yote sita ya hao wawili, mbigiri za huku zinapenda kuingia katikati ya vidole vya paka na utamwona anajilamba sehemu moja tu. Usivute kwa kucha, tumia kile kibano cha kutolea nyusi, mfunge paka kwenye taulo kichwa kibaki nje, mtu mmoja ashike mwingine atoe. Kwetu anaeenda kuleta taulo ni mtoto, akisikia tu neno mbigiri ameshaondoka.