Msumeno wa betri wenye mpini mrefu: kabla hujaununua, geuza chaja uisome

Wiki mbili zilizopita nilimsaidia mama mmoja wa Nguba kuchagua msumeno wa kukatia matawi ya mti wake wa avoka. Mti umesimama kwenye mteremko: nusu ya matawi iko kwake, nusu imelala juu ya mabati ya jirani wa chini. Avoka likianguka usiku, jirani anaamka na watoto wanalia. Kijana aliyekuwa akipanda mti huo alihamia Uvira, na ngazi kwenye udongo ule simshauri mtu yeyote, kwa sababu mguu mmoja unakaa juu ya jiwe na wa pili hauna pa kukanyaga. Hapa Bukavu viwanja vingi viko hivyo. Ndiyo maana naupenda msumeno huu mdogo wa mnyororo unaofungwa kwenye ncha ya mpini. Unakata huku miguu yako iko chini.

Hatua ya 1: Pima tawi

Angalia nyaya kwanza. Kama waya wa umeme unapita kati ya matawi au karibu yake, usinunue kitu; hiyo ni kazi ya watu wa umeme. Mpini wa alumini unapitisha umeme, na wa fibaglasi ukilowa haukulindi.

Kama hakuna waya, chukua mwanzi, simama pale utakaposimama siku ya kukata, gusa tawi, weka alama. Unene upime kwa kamba: zungusha kwenye tawi linalofanana nalo, gawanya urefu wa kamba kwa 3. Likizidi sentimita 15, tafuta mtu mwenye mashine kubwa. Kwa matawi ya chini ya hapo, bamba la mnyororo la sentimita 20 linatosha kabisa. La 25 linaongeza uzito kwenye ncha, na ncha ndipo uzito unapoumiza.

Hatua ya 2: Urefu na uzito

Kartoni ikiandika kwamba msumeno unafika mita 4.5, ndani yake wamehesabu pia kimo cha mtu na mikono aliyoinua. Mpini wenyewe mara nyingi una mita 2.5 hadi 3. Tena hutakiwi kuusimamisha wima: usizidi nyuzi 60 kutoka ardhini, ili tawi lisikushukie kichwani. Mpini wa mita 2.7 ukilazwa nyuzi 60 unapanda mita 2.3. Ongeza mita 1.2 ya mkono wako, unapata mita 3 na nusu. Kwenye mteremko simama upande wa juu wa tawi. Unapata kimo zaidi, na tawi likianguka linaviringika kwenda chini, mbali na wewe.

Kama huwezi kuushika msumeno dukani, funga chupa ya maji ya lita 2 kwenye ncha ya mwanzi wa mita 2.5, uinyanyue dakika 2. Mama alifika dakika moja, akasema, "Fundi, hii utashika wewe." Basi tukachagua kwa mabega yangu.

Mimi napendelea mpini wa vipande vinavyounganishwa kuliko ule wa kuvuta. Wa kuvuta unayumba ukiurefusha, na vumbi la kiangazi likiingia kwenye kibano chake, unaanza kuteleza.

Hatua ya 3: Betri na chaja

Hapa soma polepole. Msumeno wangu wa kwanza uliletwa na ndugu yangu kutoka Kanada, mpya, bado una plastiki. Nikachukua kiplagi cha kubadilishia miguu, nikachomeka chaja ukutani. Ilisikika "pa!", ikatoka harufu ya plastiki iliyoungua, na taa ya chaja haijawaka tena. Siku nne nilitembea Nyawera na Kadutu nikiuliza fundi baada ya fundi, nikabadilisha fyuzi, nikaifungua tena. Bure. Kanada na Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120. Wetu hapa Kongo ni 220. Kile kiplagi kinabadilisha umbo la miguu tu, volti zinapita zote.

Kwa hiyo geuza chaja, au mwombe anayekutumia apige picha ya nyuma yake. Tafuta mstari wa "INPUT". Ukiona 100–240V, chukua. Ukiona 220–240V, chukua. Ukiona 120V peke yake, uache msumeno hukohuko, au ununue chaja nyingine ya volti 220 ya betri hiyohiyo. Kwa baadhi ya makampuni hilo ni rahisi: betri za DeWalt zinazoandikwa 20V Max kule Marekani ndizo zilezile zinazoandikwa 18V Ulaya, maana 20 ni volti za betri ikiwa imejaa na 18 ni za kawaida yake. Usimlipe mtu zaidi kwa ajili ya hizo 2. Lakini usidhani kila kampuni iko hivyo. Linganisha reli za betri, pale inapoingia kwenye msumeno na chaja, kabla ya kulipa.

Transfoma ya kushusha 220 kwenda 110 inafaa, mradi wati zake zizidi wati za chaja. Ni nzito, na ile halisi haiingii mfukoni. Vile vidogo vya wasafiri vilivyotengenezewa mashine za kukausha nywele vinaua chaja, usivijaribu.

Hata chaja sahihi inaweza kukukatalia. Jioni, mtaa mzima ukipika, volti zinashuka. Chaja yangu ya pili ilikuwa ikipepesa taa nyekundu, nikaamini betri imekufa. Nilipoweka kipima volti ukutani nikakuta 150. Saa kumi na moja alfajiri ilichaji bila shida. Betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto nayo iache ipoe kwanza.

Ukubwa wa betri: zidisha volti kwa ampea-saa (Ah) zilizoandikwa kwenye betri. 18 mara 4 ni wati-saa 72. Mashine ikivuta wati 400, hizo ni kama dakika 10 za kukata mfululizo, na tawi moja linachukua sekunde chache. Nunua betri mbili za namna hiyo kuliko moja kubwa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi unabaki na ya pili. Pia anayekuja kwa ndege kupitia Kamembe, ng'ambo ya mpaka Rwanda, anaruhusiwa betri isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba kibali, nayo ya akiba ikae kwenye mzigo wa mkononi. Betri ya volti 36 na ampea-saa 4 ina 144, hiyo itamletea maswali.

Hatua ya 4: Mnyororo na mafuta

Agiza minyororo miwili ya akiba pamoja na msumeno. Kulainisha mnyororo, mafuta ya vidanji (machafu yaliyotolewa kwenye injini) usiweke, yanadondokea kwenye sombe, majani ya muhogo unayokula. Mafuta ya alizeti au soya yanafaa ukisafisha baada ya kazi. Mawese yanaganda kwa baridi yetu ya asubuhi na kuziba njia.

Hatua ya 5: Kukata

Kata kidogo kutoka chini, kisha juu, mbele kidogo ya hapo kuelekea ncha ya tawi. Tawi linaanguka bila kuchuna gamba. Halafu ondoa kisiki, lakini shingo iliyovimba kwenye shina usiiguse, ndiyo inayofunga kidonda. Kwa Mama tuliyakata yale ya juu ya mabati kwa vipande vya nusu mita, kila kimoja kimefungwa kamba kwanza. Jirani alisimama kwenye ua wake, ameshika mwisho wa kamba, akiviteremsha kimoja kimoja.