Trekta Linalofuata Liwe la Kampuni Gani? Hatua za Kufuata Kabla ya Kutoa Pesa

Swali la "kampuni gani ni nzuri" huulizwa mapema mno. Massey Ferguson, New Holland, John Deere, Swaraj, Mahindra, Kubota na Belarus zote zinalima. Tofauti inayomgusa mkulima ni kama chapa hiyo ina watu na vitu nyuma yake pale anapoishi: duka lenye spea, fundi aliyezoea kuifungua, na dereva anayeielewa. Kiteto na Kongwa kuna msimu mmoja wa mvua. Trekta likisimama wiki mbili mwezi Desemba, kazi hiyo hairudi tena mpaka mwakani.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana trekta, analima shamba lake na kulimia wengine kwa malipo, na sasa anataka la pili au anataka kubadilisha.

Hatua ya 1: Soma historia ya trekta ulilonalo

Chukua daftari la matengenezo. Kama hukuandika, kusanya risiti za spea na umuulize fundi wako. Kwa kila tatizo andika mambo matatu: nini kiliharibika, trekta lilisimama siku ngapi, na chanzo kilikuwa nini. Chanzo ndicho kinachosahaulika, na ndicho muhimu kuliko vyote.

Klachi inayoungua mara kwa mara, mara nyingi kosa ni la dereva anayeegemeza mguu kwenye pedali huku akilima, au pedali haina nafasi ya kuchezea kama kitabu cha trekta kinavyoelekeza. Injini inayochemka, tazama kwanza matundu ya redieta: makapi ya mahindi na mbegu za nyasi huyaziba yote. Nozeli na pampu ya dizeli zikifa mapema, chunguza madumu ya mafuta. Maji na mchanga vinaingia humo. Matatizo ya namna hii utahama nayo hata ukinunua chapa ya bei mara mbili. Yale yanayobaki baada ya kuyaondoa haya ndiyo ya trekta lenyewe, na ndiyo yatakayokuambia uendelee na chapa hiyo au uiache.

Hatua ya 2: Pima kazi, kisha nguvu farasi

Kwa plau ya diski, hesabu farasi 20 hadi 25 kwa kila diski. Diski tatu zinataka trekta la farasi 60 hadi 75, na diski nne farasi 80 au zaidi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga shika kiwango cha juu. Kwenye kichanga unaweza kushuka.

Kasi ya kazi unaipata hivi: upana wa kulima kwa mita, zidisha kwa mwendo wa kilomita kwa saa, zidisha kwa 0.75 kwa ajili ya kugeuza na kusimama, kisha gawanya kwa 10. Jibu ni hekta kwa saa. Plau ya diski tatu inayokata mita 0.9 kwa mwendo wa kilomita 6 inatoa hekta 0.4, yaani ekari moja kwa saa. Ukiwa na ekari 200 za kulima na siku 25 za udongo wenye unyevu wa kutosha, ni ekari 8 kwa siku. Trekta moja la diski tatu linatosha. Ekari zikiwa 350, ongeza trekta badala ya kumbebesha huyo mmoja mzigo.

Usisome farasi peke yake. Soma na uzito. Nguvu hufika ardhini kupitia tairi, na tairi bila uzito huteleza. Gawanya uzito wa trekta tayari kwa kazi, pamoja na vyuma vya mbele na maji ya tairi, kwa farasi za PTO (shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine). Kwa kulima, ukipata chini ya kilo 50 kwa kila farasi, utanunua farasi ambazo udongo hautaziona. Matrekta mawili ya farasi 75 yanaweza kutofautiana sana hapa, na tangazo halisemi.

Kwa majaruba ya mpunga Mbarali au Kilombero hesabu inageuka. Huko trekta zito huzama. Tafuta jepesi lenye magurudumu yote manne kuvuta, kwa kazi ya rotaveta (zana ya visu vinavyozunguka kutifua udongo).

Hatua ya 3: Jaza kikapu cha spea kabla ya kuuliza bei ya trekta

Hatua hii inapita zote kwa uzito, na wanunuzi wengi huiruka. Andika spea zifuatazo kwa kila chapa unayoifikiria, kwa modeli kamili: filta za oili, dizeli na hewa, diski ya klachi, presha pleti na bearingi yake, pampu ya maji, feni belti, nozeli moja, gasketi ya silinda hedi, sili ya nyuma ya krenki, pampu ya haidroliki, kingipini na bushi zake, na tairodi endi.

Peleka orodha hiyo sehemu tatu: kwa wakala wa chapa, kwenye duka la spea Dar es Salaam, na duka la mji wa karibu na shamba lako. Kwa kila kitu uliza bei, uliza kama kipo rafuni leo, na kama hakipo kitachukua siku ngapi. Jibu la "tunaagiza" liandike kwa idadi ya siku. Mwombe muuzaji akuonyeshe kitu chenyewe. Wakala ambaye hana hata sili ya krenki ya trekta analouza atakusumbua, hata awe na ukumbi mzuri wa maonyesho.

Sasa geuza siku kuwa fedha. Chukulia unalima ekari 8 kwa siku na bei ya kulima ni shilingi 60,000 kwa ekari: kila siku ya kusimama ni shilingi 480,000. Pampu ya haidroliki ikichelewa siku 14, umepoteza shilingi 6,720,000, bila kuhesabu bei ya pampu. Weka kiasi hicho juu ya bei ya trekta la "bei nafuu", kisha linganisha tena.

Linganisha pia spea halisi na za kuiga. Chapa iliyoenea, kama Massey Ferguson za zamani zenye injini ya Perkins, ina spea karibu kila mji, na kwa sababu hiyohiyo ina bandia nyingi. Spea kuwepo ni heri, lakini lazima uwe na duka unaloliamini na namba ya spea mkononi. Usinunue kwa kulinganisha kwa macho tu. Sili iliyozidi au kupungua milimita moja itaingia, itafanya kazi siku tatu, kisha itaanza kuvuja.

Muulize fundi wako, si muuzaji: "Ukiletewa hii usiku, utaifungua bila kupiga simu kwa mtu?" Akisita, muulize ni chapa ipi hatasita.

Hatua ya 4: Amua kama utaoa chapa moja au utachanganya

Matrekta mawili ya chapa na modeli moja yana faida kubwa. Filta ni zilezile, oili ni ileile, dereva anahama bila kujifunza upya, na bovu moja laweza kutoa spea kwa jingine hadi spea mpya ifike. Kwa mwenye matrekta mawili au matatu kijijini, faida hii inazidi tofauti ndogo za ulaji wa mafuta.

Ukichanganya, kagua zana zako kwanza. Pini za mikono ya chini ya kuinulia ni milimita 22 kwa daraja la 1 (saizi ndogo ya kiungo cha trekta na zana) na milimita 28 kwa daraja la 2; ya juu ni 19 na 25. Plau ya daraja la 2 haiingii kwenye mikono ya daraja la 1, na pini nyembamba kwenye tundu pana hucheza mpaka tundu linapata umbo la yai. Kwa mashine ya kupukuchua mahindi, hakikisha PTO ni ya mizunguko 540 kwa dakika na shafti ya meno 6. Pima pia urefu wa shafti ya mashine kwenye trekta jipya kabla ya kuiwasha, kwa sababu ikiwa ndefu itasukuma bearingi za PTO na kuzivunja unapoinua.

Oili ya gia boksi na haidroliki usichanganye kati ya chapa kwa mazoea. Matrekta mengi yana breki zinazofanya kazi ndani ya oili hiyohiyo, na oili isiyo sahihi huzifanya zilie na kuisha.

Hatua ya 5: Soma bamba, siyo boneti

Bamba ni kile kibati chenye namba za trekta; boneti huonyesha jina tu, na jina moja hutoka viwanda vingi. Massey Ferguson imetengenezwa Uingereza, Ufaransa, Brazili, India na Pakistani. John Deere ina kiwanda Pune, India, na kingine Mannheim, Ujerumani. Spea zao hazifanani kila wakati. Nakili modeli, namba ya chasisi, namba ya injini na nchi kutoka kwenye bamba, na uombe kitabu cha spea cha namba hiyo.

Kwa trekta la India tafuta ripoti ya kituo cha serikali cha Budni, Madhya Pradesh. Kwa linalouzwa Marekani, maabara ya Nebraska imekuwa ikipima matrekta tangu 1920. Ripoti hizo zinaonyesha nguvu ya PTO iliyopimwa, ulaji wa dizeli na uwezo wa kuinua. Kwa Tanzania, uliza CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo kilichopo Arusha, kama modeli hiyo imepimwa huko.

Hatua ya 6: Lijaribu kwenye udongo wako

Kiwanja cha muuzaji hakina mbuga. Omba majaribio shambani, na plau yako.

Kipimo cha kuteleza: chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma. Endesha bila mzigo mizunguko 10 ya tairi na upime umbali. Shusha plau kwenye kina cha sentimita 20 hadi 25, endesha tena mizunguko 10, pima. Mfano: bila mzigo mita 45, na mzigo mita 39. Tofauti ni 6, gawa kwa 45, ni kama asilimia 13. Kwenye udongo mgumu asilimia 10 hadi 15 ni sawa. Ikipita 20, unachoma dizeli na kula tairi. Ongeza maji kwenye matairi ya nyuma hadi robo tatu, au punguza diski. Trekta likiendelea kuteleza baada ya hapo, ni jepesi kwa kazi hiyo.

Kipimo cha dizeli: jaza tangi hadi shingoni, trekta likiwa sehemu tambarare. Pima ekari kwa futi kamba, mita 70 kwa 58. Hatua sabini kwa sabini hutegemea miguu ya mpimaji. Lima yote, rudi palepale, jaza tena kwa chombo chenye alama za lita. Fanya hivyo kwa kila trekta unalolilinganisha, siku moja, shamba moja, dereva mmoja. Trekta la farasi 75 kwenye kazi nzito hutumia takriban lita 8 hadi 11 kwa saa. Tofauti ya lita 2 kwa ekari kwenye ekari 400 ni lita 800.

Mpe dereva wako usukani na umsikilize. Afikie pedali bila kujinyoosha, aone mstari wa mfereji, apate gia bila kutafuta.

Hatua ya 7: Ukinunua lililotumika

Fika asubuhi na uguse injini. Ikiwa ya moto, limewashwa ili kuficha ugumu wa kuwaka, sema utarudi. Moshi wa bluu usioisha ni oili inayoungua. Mweupe unaoendelea injini ikiwa imepata joto ni dizeli isiyoungua au maji. Mweusi chini ya mzigo ni filta ya hewa, nozeli au mzigo kupita kiasi, na huo ndio wa bei ndogo kuutibu.

Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma: hewa ikipiga kwa nguvu, ringi zimekwisha. Chomoa dipstiki ya gia boksi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Inua plau, zima injini, ngoja dakika 10. Ikishuka hadi chini, sili au vali za haidroliki zimechoka. Tikisa magurudumu ya mbele kwa mkono yakiwa juu ya jeki.

Mita ya saa hubadilishwa kirahisi, lakini mpira wa pedali na matundu ya mikono ya kuinulia hayadanganyi.

Hatua ya 8: Maandishi na saa 50 za kwanza

Kadi ya usajili iwe ya muuzaji, namba za chasisi na injini zilingane na bamba. Garantii isome yote: huhesabiwa kwa miezi au saa, kinachotangulia, na mara nyingi hufutika ukiruka sevisi ya wakala. Andikisha kwenye mkataba nani analipa usafiri wa fundi hadi shambani.

Nunua siku hiyohiyo filta za sevisi tatu, belti moja na sili za haidroliki. Baada ya saa 50 za kwanza badilisha oili ya injini na filta yake, kama kitabu kinataka hivyo, kaza nati zote za magurudumu, na pima upya nafasi ya pedali ya klachi. Baada ya hapo matrekta mengi huenda saa 250 kati ya sevisi. Filta ya hewa usiisubirishe hivyo: msimu wa kulima ardhi kavu, ikague kila siku.