Kuhesabu ng'ombe-miski kutoka angani: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtumishi wa wanyamapori anayejiandaa kupanda ndege ndogo kwa mara ya kwanza kwenda kuhesabu ng'ombe-miski (muskox, mnyama mkubwa wa Aktiki mwenye manyoya marefu) kwenye tundra, yaani nyanda baridi zisizo na miti, ya Kanada. Nitaeleza njia ya ukanda: ndege inaruka kwenye mistari iliyonyooka, na mnahesabu wanyama walio ndani ya upana uliopimwa tu. Waliofanya kazi hii Tsavo au Serengeti wataitambua mara moja. Fomula zake mtaalamu wa takwimu Jolly alizichapisha mwaka 1969 katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, na wahesabuji wa Aktiki wanazitumia mpaka leo.

Kazi hii ina uzito. Kisiwa cha Banks, katika Aktiki ya Kanada, kilikadiriwa kuwa na zaidi ya ng'ombe-miski 68,000 mwaka 2001, kama 37,000 mwaka 2010, kisha kama 14,000 tu mwaka 2014. Mizoga ilionekana ardhini, na bakteria wa Erysipelothrix rhusiopathiae walipatikana katika baadhi yake, lakini ukubwa wa hasara ulipimwa kutoka angani. Idadi mtakayoleta ndiyo itakayoamua vijiji viruhusiwe kuwinda wangapi.

1. Chagua majira

Mimi napendelea mwisho wa majira ya baridi, Machi na Aprili, theluji ikiwa bado imefunika kila kitu. Mnyama mweusi juu ya weupe anaonekana kwa mbali, mchana umesharefuka, na makundi ni makubwa kuliko ya kiangazi. Kipindi kibaya kabisa ni theluji inapoanza kuyeyuka kwa mabaka, kwa maana kila jiwe na kila kichuguu cha udongo hugeuka ng'ombe-miski machoni pako. Ukihesabu kabla ya ndama kuzaliwa, andika wazi kwamba ndama wa mwaka huo hawamo.

2. Chora mistari

Kabla ya kufungua ramani, kaa na wawindaji wa Kiinuiti, wenyeji wa Aktiki, wa eneo hilo. Wao wanajua wanyama wamepitisha baridi kwenye miinuko ipi, mahali upepo ulipopunguza theluji wakaweza kufikia majani. Kwa maelezo yao, gawa eneo katika tabaka: penye wanyama wengi weka mistari ya karibu, penye wachache iachanishe. Mistari ikate mito na miinuko, isifuate urefu wake, ili kila mstari upite juu ya kila aina ya ardhi. Ukanda ukiwa mita 500 kila upande wa ndege, mistari ikiachana kilomita 5, mtakuwa mmefunika asilimia 20 ya eneo.

3. Pima ukanda. Usiharakishe hapa

Hapa ndipo hesabu inapofaulu au kuharibika, maana kosa lolote la upana litazidishwa katika eneo zima.

Tumia ndege ambayo mabawa yake yako juu. Kwenye nguzo inayoshikilia bawa utaweka alama mbili, ya ndani na ya nje, na mwangalizi atahesabu wanyama wanaoonekana kati yake. Alama ya ndani iweke mahali ambapo macho yanapita nje kidogo ya gurudumu au ski (ubao wa kutulia kwenye theluji). Ya nje inapatikana kwa hesabu:

w = W × h ÷ H

W ni upana unaoutaka ardhini, H ni kimo cha kuruka, na h ni kimo cha jicho la mwangalizi ndege ikiwa imesimama. Tuseme unataka mita 500, mtaruka mita 120 juu ya ardhi (kama futi 400), na jicho liko mita 2 kutoka chini. Hapo w ni mita 8.33. Mwangalizi akae kama atakavyokaa angani, atazame chini kupitia alama ya ndani, na mwenzake aweke kigingi pale macho yanapogusa ardhi. Kutoka hapo mpime mita 8.33 kwenda nje, mweke kigingi cha pili. Sasa sogeza alama ya nje kwenye nguzo mpaka ilingane na kigingi hicho. Bandika pia vipande vya utepe kwenye dirisha vilingane na alama za nguzo, ili kichwa kikisogea mwangalizi ajue mara moja. Kila mwangalizi apimiwe kivyake: vimo vya watu vinatofautiana, na akibadilishwa mtu, kipimo kinaanza upya.

Halafu rukeni. Pangeni vitu vinavyoonekana kwenye njia ya kurukia, kwa umbali unaojulikana, mpite juu yake mara kadhaa kwa kimo cha kazi, na kila mwangalizi ataje anachokiona kati ya alama zake. Wastani wa hapo ndio upana halisi wa kutumia kwenye mahesabu, hata kama si mita 500 kamili.

Kimo kinahitaji nidhamu ileile. Ndege ikipanda kutoka mita 120 hadi 132, ukanda unatanuka kutoka mita 500 hadi 550, na makadirio yanakua kwa asilimia 10 bila mnyama hata mmoja kuongezeka. Tumia altimita (kipima kimo) ya rada au ya leza, na kimo kirekodiwe muda wote.

4. Angani

Weka waangalizi wawili kila upande, wa mbele na wa nyuma. Wa mbele asitamke kitu mpaka kundi limpite wa nyuma, ndipo walinganishe. Ukimya huo una faida kubwa. Tuseme wa mbele ameona makundi 40, wa nyuma 36, na 32 wameyaona wote wawili. Kwa pamoja wameona 44, lakini 40 × 36 ÷ 32 inatoa 45, makadirio ya makundi yote yaliyokuwapo. Umepata kipimo cha yale yaliyowaponyoka wote.

Kundi likikaa juu ya mpaka wa ukanda, hesabu walio ndani tu. Walio nje waandike kando.

Kundi kubwa lipige picha, uhesabu baadaye. Ng'ombe-miski akitishwa hukusanyika na wenzake bega kwa bega, wadogo wakasukumwa katikati, na jicho la haraka linawakosa. Mkilazimika kuacha mstari kutazama vizuri, weka alama ya GPS, rudini pale pale mlipotokea, na kundi mtakalokutana nalo njiani msiliingize kwenye hesabu.

Nasisitiza hili kwa moyo wote: piteni mara moja, mwondoke. Wakati huo jike ana mimba iliyokomaa na mafuta yake yamekaribia kuisha. Kumkimbiza kwenye theluji nzito ni kumnyang'anya nguvu anazozihitaji kuzaa. Umri na jinsia, vinavyosomwa kwenye umbo la pembe, vina zoezi lake la ardhini. Msivitafute kwa kuzunguka chini chini juu ya kundi.

Rubani akisema mwanga umefifia na hatofautishi theluji na mbingu, kazi ya siku imekwisha. Hilo halijadiliwi.

5. Kokotoa

Tuseme mistari 20 imefunika kilomita za mraba 1,600 kati ya 8,000, na mmehesabu wanyama 412. Gawanya 412 kwa 1,600 upate 0.2575 kwa kilomita ya mraba, kisha zidisha kwa 8,000: makadirio ni 2,060. Mistari haitalingana urefu, kwa hiyo tumia njia ya pili ya Jolly kupata variansi, ambayo inatazama jinsi hesabu za mistari zinavyotofautiana. Ikiwa kosa sanifu (mzizi wa pili wa variansi hiyo) ni 250, zidisha kwa 2.09, thamani ya t kwa mistari 20, na jibu lako ni kati ya 1,537 na 2,583 kwa uhakika wa asilimia 95. Ripoti ibebe namba zote tatu. Anayepanga kiwango cha uwindaji akipewa 2,060 peke yake anaweza kuruhusu wanyama ambao hawapo.

6. Rudisha majibu kijijini

Kabla ripoti haijakamilika, peleka ramani ya mistari na makundi kwa chama cha wawindaji. Waulize kama kuna bonde lenye wanyama ambalo mistari haikuligusa, na kama wameona mizoga au ndama wachache kuliko kawaida. Wakikuonyesha kundi lililohamia nje ya eneo mlilochora, liandike kwenye ripoti na panua mpaka wa eneo katika hesabu ijayo.