SOMO: Kontrola ya SDN inalemewa swichi zikiongezeka? Soma kabla ya kununua seva kubwa

Wakuu, swali hili linarudi kila mara. Naliandika hapa tuwe tunaelekezana.

Kwenye SDN, programu ya kati (kontrola) huziamulia swichi njia za kupitisha data, kwa lugha ya OpenFlow. Swichi ikipata pakiti isiyo na sheria huiuliza kontrola. Ukiwa na swichi 5 huoni kitu. Zikifika 200, maswali yanapanga foleni, na seva kubwa inaahirisha tu tatizo.

1. Tumia OpenFlow 1.3. Toleo la 1.0 halina mita (kidhibiti cha kasi ya trafiki) wala majedwali mengi ya sheria.

2. Pima kwanza: hesabu ujumbe wa PACKET_IN (swali la swichi kwa kontrola) kwa sekunde, ukitumia Wireshark (programu ya kunasa pakiti) kwenye poti 6653.

3. Andika sheria mapema. Hapa tulia. Njia zinazojulikana ziingie kabla trafiki haijafika, tena kwa mafungu ya anwani: 10.1.4.0/24 ni sheria moja, usiandike ya kila kompyuta. TAHADHARI: swichi nyingi za kiwandani huweka sheria kwenye TCAM, kumbukumbu maalumu ya kutafuta kwa kasi, ambayo ni ghali na ndogo. Ikijaa, swichi inakataa sheria mpya na kurudisha kosa la TABLE_FULL. Programu yako isiposoma kosa hilo, itaamini sheria imeingia, na kila pakiti ya mtiririko ule itaenda kwa kontrola, wala si ya kwanza tu. Mzigo unakuwa mkubwa kuliko ulipoanza! Mininet (mtandao wa majaribio ndani ya kompyuta) haitakuonyesha hili, kwa sababu Open vSwitch, swichi yake ya programu, hutumia RAM ya kawaida. Sheria za muda zipe idle_timeout (muda wa kufutwa zisipotumika), ila isiwe fupi mno, maana maswali yatarudi yale yale.

4. Sheria ya kipaumbele 0, ile inayopeleka kwa kontrola pakiti zisizo na sheria nyingine, iwekee mita, kama swichi yako inaikubali.

5. Baada ya hayo ndipo ujenge klasta (kontrola kadhaa zinazofanya kazi pamoja). Tumia ONOS, programu ya kontrola, ziwe 3 au 5.

MASWALI

Mdau 1: Mkuu kontrola yangu inakufa, ninunue seva ya RAM ngapi?
— Hatua ya 2 na ya 3. Ukishapima, rudi na namba.

Mdau 2: Klasta ya kontrola 2 haitoshi? Bajeti imebana.
— Haitoshi. Raft, kanuni ya makubaliano ambayo ONOS hutumia, inataka wengi wakubaliane; moja ikizima, iliyobaki haina wengi. Hata 4 zinavumilia kifo cha moja tu, sawa na 3.

Mdau 3: Nimepima, ahsante. PACKET_IN nyingi ni za ARP (kuuliza IP fulani ina anwani gani ya kadi, yaani MAC). Sheria za mapema zitasaidia?
— Umepima vizuri sana. ARP ni tangazo. Ukiliacha lisambae, kila swichi itauliza. Kontrola ikishajua IP na MAC, ijibu yenyewe kwenye poti ya aliyeuliza, tangazo liishie hapo. Hatua ya juu zaidi ni swichi kujibu kwa sheria bila kuuliza. Neutron, sehemu ya mtandao ya OpenStack (programu ya wingu), huweza kufanya hivyo kwa Open vSwitch. Ukikwama weka sheria zako hapa tuzitazame.

Mdau 4: Laptop yangu ina RAM 4 GB, ONOS haiendi.
— ONOS ni Java, inakula RAM. Kwa kujifunza tumia os-ken, iliyotokana na kontrola ya Ryu, ni Python. Kisha anzisha Mininet:
sudo mn --topo linear,20 --controller remote --switch ovs,protocols=OpenFlow13

Mdau 3: Hiyo protocols ndiyo iliyokuwa inanikwamisha! Swichi zilikuwa haziungi kabisa.
— Endesha pia ovs-ofctl -O OpenFlow13 dump-flows s1, utaona sheria zilizoingia kweli.